Uso wa Mtu Katika Picha

Hapana kitu ambacho mtu hukichukua popote aendapo, akawaonyesha watu wote, na yeye mwenyewe asikione, ila uso wake. Jirani huuona, mtoto huuona, na adui huuona vilevile. Mwenyewe hana budi kwenda kuuomba kwa kioo, na kioo ni rafiki asiye na kumbukumbu: ukimpa kisogo, amekwisha kukusahau. Picha haisahau. Kwa hiyo yatupasa kuuliza, msomaji, mtu anayetaka kuupiga picha uso wa mwenziwe ataka kuchukua nini, na ni kwa njia gani atakipata kilicho kweli.

Sisemi habari za wafalme na matajiri. Hao wana sarafu na sanamu zao, na mafundi wa kuwaondolea mikunjo ya nyuso. Nasema habari za mchuuzi wa samaki, mwashi, mama atokaye kisimani, kijana aliyepokea mshahara wake wa kwanza. Kwa karne nyingi watu wa namna hii walizikwa na nyuso zao. Ni wangapi kati yetu wajuao babu wa babu yao alikuwa na pua ya namna gani?

Mtu wa kwanza anayejulikana kuonekana katika picha ya kamera alikuwa mtu wa namna hiyo. Mwaka 1838 Louis Daguerre, Mfaransa, aliielekeza kamera yake kutoka dirisha la juu kwenye barabara moja kubwa ya Paris. Magari ya farasi na wapita njia walikuwa wakienda na kurudi, lakini katika picha barabara ni tupu, kana kwamba mji umehamwa. Sababu yake ni kwamba picha ilihitaji mwanga wa dakika kadhaa, na kila kilichokuwa kikienda hakikuacha alama. Alibaki mtu mmoja pembeni, mguu ameuinua, kwa kuwa alikuwa akingojea kiatu chake king'arishwe. Hakujua kwamba anapigwa picha, na jina lake halijulikani mpaka leo. Twaona umbo lake dogo jeusi. Hatuwezi kusema kwamba tumemwona mtu.

Daguerre alipoutangaza ufundi wake mwaka 1839, watu walianza kuketi mbele ya kamera kwa hiari yao. Walitakiwa kutulia kama jiwe, na wengine waliwekewa chuma nyuma ya kichwa ili wasitikisike. Ukiona picha za kale ambamo kila mzee amekaza uso kama hakimu, usidhani kwamba watu wa zamani hawakujua kucheka. Jaribu kulishika tabasamu moja mbele ya kioo kwa muda wa nusu dakika, utaona linavyogeuka kuwa kitu kingine.

Siku hizi kamera imo ndani ya simu, na picha hupatikana kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa ajili ya wepesi huo wako wasemao kwamba ukweli wa mtu hupatikana kwa kumvizia. Mtu akijua kwamba anapigwa picha, wasema, hujifanya; asipojua, huwa yeye mwenyewe. Mimi sikubali. Ukimvizia mtu waweza kumpata amefumba jicho, au amepanua kinywa kwa mwayo. Ni kweli kwamba alipiga mwayo, lakini mwayo si tabia yake. Ni upepo uliopita usoni pake ukaenda zako. Namna mtu anavyosimama akijua kwamba anatazamwa, namna anavyoshika mikono yake asijue aiweke wapi, namna anavyoinua kidevu au kukiinamisha, hayo ni yake hasa. Amejifunza kwa miaka mingi kuishi mbele ya macho ya watu, na mafunzo hayo yameandikwa mwilini mwake.

August Sander wa Ujerumani aliyafahamu haya. Alizaliwa mwaka 1876 na kufa mwaka 1964. Alikuwa na studio katika mji wa Köln, lakini alitoka mara kwa mara kwenda vijiji vya Westerwald, akisafiri kwa baiskeli pamoja na vyombo vyake, akapiga picha za wakulima. Hakuwavizia. Aliwasimamisha mbele ya kamera yake iliyotumia sahani za kioo, kila mmoja na nguo zake na chombo cha kazi yake. Iko picha ya mwoka keki ya mwaka 1928: mtu mnene, koti jeupe, mkono mmoja umeshika bakuli kubwa la kukorogea, naye amesimama jikoni kwake kama nahodha juu ya sitaha. Iko nyingine ya mwaka huohuo ya kibarua wa waashi, kijana aliyebeba shehena ya matofali mabegani. Mzigo ule ungemlemea mtu mwingine hata asiweze kuinua macho. Yeye anatutazama sawasawa, wala haombi huruma.

Mwaka 1929 Sander alitoa kitabu chenye picha 60 za watu wa nchi yake. Mwaka 1936 serikali ya Hitler ilizichukua nakala zilizobaki na kuziharibu sahani za kuchapia. Sioni ajabu. Serikali iliyohubiri kwamba Mjerumani wa kweli ana sura ya namna moja ingewezaje kupendezwa na kitabu kilichoonyesha Wajerumani walivyo, wanene na wakonde, wenye kazi na wasio na kazi, wote kwa heshima moja? Mwanawe Erich, mpinzani wa serikali hiyo, alikuwa amekwisha kufungwa tangu mwaka 1934, na alifia kifungoni mwaka 1944. Basi usidhani kwamba kuupiga picha uso wa mtu wa kawaida ni jambo dogo la kupitishia wakati.

Hata hivyo nina neno moja juu ya Sander. Alitaka kuwapanga watu wote wa nchi yake kwa mafungu, wakulima hapa, mafundi pale, na chini ya picha nyingi aliandika kazi ya mtu pasipo jina lake. Picha yake mashuhuri kuliko zote, ya mwaka 1914, yaonyesha vijana watatu njiani wakielekea ngomani, wamevaa suti nyeusi na kofia, wameshika bakora. Inaitwa picha ya wakulima vijana. Watu waliochunguza habari zao miaka mingi baadaye waligundua kwamba kazi yao ilikuwa katika mgodi wa chuma. Nyuso zilisema kweli, bali maneno yaliyoandikwa chini yake yalikosea.

Sasa nakuuliza swali gumu zaidi. Mtu akija kupigwa picha na saa ya kuazima mkononi, je, picha yake ni ya uongo?

Seydou Keïta alifungua studio Bamako, katika nchi ambayo leo ni Mali, mwaka 1948. Alianza ufundi huo kwa kamera ndogo aliyopewa na mjomba wake mwaka 1935. Watu walikuwa wakipanga zamu uani kwake. Aliwapiga picha kwa mwanga wa jua, na nyuma yao alitundika kitambaa chenye maua. Mwanzoni kilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Aliweka saa, kalamu, tai, redio, hata pikipiki ya Vespa, na kila aliyetaka aliazima. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mara nyingi alipiga mara moja tu. Fikiri maana yake: kabla ya mara hiyo moja alilazimika kumtazama mtu, kumgeuza bega kidogo, kumtuliza, na kungoja. Kazi yote ilifanyika kabla kamera haijafunguka.

Pwani yetu nayo ina historia kama hiyo. Katika miaka ya 1990 wapiga picha walijenga vibanda karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, wakavipamba kwa picha za meli, ndege na majumba marefu. Vijana waliotoka bara kutafuta kazi walisimama mbele ya ndege ya rangi, wakapeleka picha nyumbani. Wako waliowacheka. Mimi nasema hivi: ndege ilikuwa ya rangi, lakini tamaa ya safari ilikuwa ya kweli, na ilionekana machoni. Saa ya kuazima haimdanganyi mtu ila yule atazamaye mkono akasahau uso. Aliyeivaa ametuonyesha jambo lisiloonekana siku nyingine yoyote, yaani mtu anayetaka kuwa. Hilo nalo ni sehemu ya tabia yake, na mpiga picha anayemvua saa ili aonekane maskini halisi ndiye anayedanganya.

Uko uongo mwingine ambao mpigwa picha hana habari nao, kwa sababu hutoka katika chombo chenyewe. Kamera hupima mwanga kwa kukadiria wastani wa vyote vilivyo mbele yake. Mtu mweusi akisimamishwa penye ukuta mweupe unaong'aa, kamera huusikiliza ukuta, huupunguza mwanga, na uso wake hutoka giza tupu lenye meno. Tena kwa miaka mingi kadi zilizotumiwa katika maabara kusawazishia picha za rangi zilikuwa na sura ya mwanamke Mzungu. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi zote. Fundi mwangalifu humtoa mtu juani, humweka kivulini karibu na mlango au dirisha ili mwanga umwingie kwa ubavu, na huupima mwanga usoni wala si ukutani. Kwa simu, gusa uso wake kwenye kioo kabla ya kupiga. Usimsogelee mno, kwa maana kilicho karibu na lenzi hukuzwa: pua huvimba, masikio hukimbilia nyuma, na pua ya mtu si kitu cha kuchezewa. Rudi nyuma hatua mbili tatu. Tena ushushe au uinue mkono wako mpaka lenzi ilingane na macho yake, maana anayepigwa picha kutoka juu huonekana kama mtu anayekaripiwa.

Hayo ni ya mikono, na mtu hujifunza kwa wiki moja. Liko la mwisho lisilojifunzwa kwa wiki, nalo ni haki ya mwenye uso.

Mwezi Machi 1936, katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California, Dorothea Lange alimkuta mama mmoja chini ya hema pamoja na watoto wake. Mazao yalikuwa yameharibiwa na baridi kali, na kazi hakuna. Lange alikuwa akifanya kazi ya serikali ya Marekani ya kuonyesha taabu za watu wa mashamba. Alipiga picha chache kwa muda wa dakika kumi hivi, akamwuliza umri wake, akaambiwa miaka 32. Jina hakuuliza. Katika picha iliyopata sifa duniani kote, watoto wawili wameficha nyuso zao mabegani mwa mama, naye ameweka mkono shavuni akitazama mbali. Gazeti la San Francisco liliitoa habari ile, na serikali ikapeleka chakula kambini. Yeye na wanawe walikuwa wamekwisha kuondoka.

Picha ni nzuri, wala siwezi kusema kwamba si ya kweli. Lakini kwa zaidi ya miaka 40 ulimwengu uliuona uso ule pasipo kujua ni wa nani. Mwaka 1978 ndipo alipojulikana kuwa ni Florence Owens Thompson, mwanamke wa asili ya Wacherokee, aliyechuma pamba na matunda na kuwalea watoto wake kwa jasho lake. Alisema kwamba hakupata hata senti moja kwa picha ile, na kwamba alitamani isingalipigwa. Mwaka 1983 alipougua sana, watoto wake waliomba msaada kwa umma, na barua zikaja kwa wingi zikiwa na fedha, zaidi ya dola 30,000, kutoka kwa watu walioukumbuka uso wake. Alikufa mwaka huohuo. Juu ya kaburi lake limechongwa jina lake, na chini yake jina la ile picha.