Sahihi Ni Nini?

Wasomaji wenzangu, neno "sahihi" twalitumia kila siku, na mara nyingi halitudai mengi. Mama akisema chakula kitakuwa tayari saa saba, kikaiva saa saba na robo, hakuna atakayemwita mwongo. Hata Kilimanjaro, vitabuni huandikwa mita 5,895, kipimo cha mwaka 1952. Wapimaji waliotumia satelaiti mwaka 1999 walipata 5,892. Mpandaji aliyechoka hazioni hizo mita tatu.

Katika sayansi mambo ni mengine. Muhula uliopita mwalimu wetu alitupa jiwe la mizani la gramu 50 tulipime mara tano. Mara zote mizani ilisema 48. Wengine darasani wakashangilia kwa kuwa majibu yamelingana, mwalimu akacheka. Akasema kipimo kutobadilika ni jambo moja, na kuwa karibu na ukweli ni jambo la pili. Mizani mbovu yaweza kurudia kosa lake kwa uaminifu mkubwa.

Maneno hayo nilikwenda nayo nyumbani likizo, nikakuta msimu wa pamba. Kituoni wakulima walinung'unika kwamba mafurushi yao yamekuwa mepesi kuliko walivyotazamia. Karani akawajibu, "Wazee wangu, mizani hii ni sahihi. Pimeni hata mara tatu!" Furushi la baba likapimwa mara tatu, kila mara kilo 38. Wakanyamaza. Ni hoja yenye nguvu, nami nadhani imewanyamazisha wengi.

Nilimwomba baba ruhusa kwanza, maana si adabu kijana kujitia katika maneno ya wazee. Kisha nikasema, "Shikamoni wazee. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tupime maji." Tukapima dumu tupu, halafu tukamimina maji humo kwa chupa ya lita moja, mara 20. Ilipasa ziongezeke kilo 20. Mshale ulisogea 19 tu. Tukarudia, 19 tena. Basi furushi lililosoma 38 lilikuwa na kilo 40! Baba alikuwa na mafurushi sita ya kadiri hiyo. Kilo 12 za pamba zilikuwa zinapotea, nazo zatosha kununua madaftari yangu na viatu vya mdogo wangu.

Karani alisema mizani si yake, ameletewa tu. Huenda ni kweli. Sikuona dalili kwamba alijua. Baba aliuza siku ile ile, kwa sababu nauli yangu ya kurudi shuleni ilitoka humo. Lakini mzee mmoja aliandika 20 na 19 katika daftari, pamoja na tarehe, wakalipeleka kwa wakaguzi wa vipimo. Mizani ile ikaondolewa, ikaletwa nyingine mpya inayong'aa.

Baba ameniarifu kwamba hata hivyo wakulima huenda kituoni na dumu lao na chupa.