Kitambaa cha Mwalimu wa Kemia

Mpwa wangu ameajiriwa mwaka huu kufundisha Kiswahili sekondari. Alipokuja kunipa shikamoo nilimuuliza kama darasa linamsumbua. "Mjomba, nidhamu si kazi yangu. Yupo mwalimu wa nidhamu. Mimi napeleka majina tu." Chai yangu ikapoa mkononi.

Tulipokuwa kidato cha pili (nimezoea kusema 1984, ripoti yangu ya muhula inasema 1985, haidhuru) kila somo lilikuwa na nidhamu yake. Mwalimu wa Hesabu alichapa kihesabu: swali moja ulilokosa, kiboko kimoja. Akikosea kuhesabu, nani amsahihishe? Wa Kiswahili alituachia tubishane juu ya wahusika mpaka mkuu wa shule akachungulia dirishani. "Wanasoma, Mkuu," alimjibu. Wa Kilimo alipokea wakosaji wa masomo yote. Umeshindwa Kiingereza? Kang'oe kisiki. Ndiyo maana wenzangu wengi, watoto wa wakulima, walitoka pale wakilichukia jembe.

Ila ninayemkumbuka zaidi ni wa Kemia. Hakushika fimbo. Maabara yake ilinuka mayai viza, na kwenye msumari ukutani kilining'inia kitambaa cha pamba chenye tundu, kingo zake nyeusi. Siku ya kwanza alikidondoshea tindikali ya salfa mbele yetu. Kipindi kilipokwisha, tundu hilo hapo. Akasema mara moja tu: tindikali ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye tindikali. Aliyekimbia ndani ya maabara, au kugusa chupa bila ruhusa, alitolewa akasimame nje, dirishani, awatazame wenzake.

Yalinikuta siku ya mrututu. Wenzangu walitia amonia, buluu ikakolea ajabu, nami naiona kupitia kioo chenye vumbi. Idadi ya viboko vya Hesabu nimeisahau. Dirisha lile sijalisahau.

Miaka ya tisini ikapita. Zikaja shule za kata, nyingine bila maabara, watoto wakajibu maswali ya vitendo kwenye karatasi. Kanuni za 2002 zikasema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Sina ugomvi na kanuni. Ukatili ulikuwepo, na baadhi yetu tunao mgongoni. Ninachokasirikia ni walimu kuisoma kanuni ya fimbo wakadhani imewaondolea nidhamu yote. Sasa nidhamu ni ofisi, ina mlango na orodha ya majina, na somo limebaki halina la kumfunza mtoto juu ya mwenendo.

Kabla mpwa wangu hajaondoka nilimwomba jambo moja: muhula mmoja tu, asipeleke jina hata moja. Kelele za darasa la Kiswahili ni mtaji wake. Azitumie mwenyewe.