Mundu Ndani ya Damu

Mwalimu mlezi wa chama chetu alipotangaza kwamba jarida la mwaka huu litakuwa na nafasi ya sayansi, wenzangu wengi wa kidato cha tatu walikimbilia kompyuta zinazoongea kama watu, na matajiri wa ng'ambo wanaomwaga pesa ili waishi miaka mia na hamsini. Sikatai, ni habari tamu. Mtu aliyeishi kuliko wote kwa hesabu inayokubalika ni ajuza mmoja wa Ufaransa, Jeanne Calment, aliyefariki mwaka wa 1997 akiwa na miaka 122. Lakini kwetu nyumbani tukizungumza habari ya kurefusha umri hatumfikirii ajuza huyo. Twamfikiria dada yangu mdogo. Ana miaka tisa, na kuna jamaa mmoja aliyewahi kusema, tena mbele yake, ati watoto wa aina hii hawafiki kumi.

Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya. Alikubali kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na niseme wazi kwamba hesabu anazijua kunishinda mimi nilipokuwa darasa lake. Haya, nimesema.

Ugonjwa wake ni selimundu, ule ambao huku mtaani twauita sikoseli. Jina hilo limetungwa vizuri, kwani mundu ni kile chombo kilichopinda cha kukatia nyasi na mpunga. Seli nyekundu za damu zangu na zako ni za mviringo na laini, zinajikunja na kupita hata penye mshipa mwembamba kama uzi. Zake yeye zikishaachilia hewa safi ya oksijeni hukakamaa na kupinda. Zinakwamana kama matatu zilizozibana njia panda, na sehemu ya mwili iliyo mbele ya msongamano huo hubaki bila damu. Hapo ndipo maumivu yanapoanza. Tena hazidumu. Seli ya kawaida huishi siku kama 120, ya mundu hufa kati ya siku 10 na 20, ndiyo maana mtoto hupungukiwa damu na macho yake huwa ya manjano.

Na chanzo cha yote hayo ni kidogo mno. Maagizo ya kuujenga mwili wa binadamu yana herufi kama bilioni 3. Iliyokosewa ni moja. Mie nikikosea herufi moja katika insha Mwalimu hunikata nusu alama!

Maumivu yenyewe siwezi kuyaeleza sawasawa. Huja zaidi usiku, hasa majira ya baridi ya kusi, au akishinda kutwa bila kunywa maji. Huanza kwa kunyamaza. Mtoto mwenye domo kama lake akinyamaza, mama hujua. Kisha hushika mguu, au mgongo, na kulia kwa sauti ambayo haifanani na kilio cha mtoto aliyepigwa. Baba hutoka kutafuta tuktuk saa nane za usiku. Mimi kazi yangu ni kuchemsha maji na kumkanda. Mara nyingine anauliza, "Kaka, ni mfupa gani huu?" nami humtajia jina nililosoma katika Bayolojia, kwa sababu amegundua kwamba akipewa jina la kukariri hulia kidogo.

Lakini jambo lililotuumiza zaidi nyumbani halikuwa ugonjwa. Lilikuwa maneno. Nyanya, yaani mama yake baba, alishikilia kwamba ugonjwa ule umekuja na mama. "Kwetu hamna mtoto aliyewahi kulia mifupa," alikuwa akisema. "Hii ni damu ya huko kwao." Wakaja na wajomba wa baba, wakakaa barazani, wakamshauri baba aoe mke mwingine "mwenye damu safi". Niliyasikia kwa masikio yangu nikiwa darasa la sita. Mama alikuwa jikoni akipaa samaki, na sauti ya kisu ilikuwa haikomi. Hakusema kitu.

Mliofika kwenye mada ya urithi mtakuwa mshajua jibu. Mtoto hupata selimundu pale tu anapopokea jeni mbili za mundu, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Mtu mwenye moja tu haumwi, hata hajui kama anayo. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, basi kwa kila mimba bahati ya mtoto kuugua ni moja kwa nne. Nasema kila mimba. Wapo wanaodhani kwamba akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. La hasha! Jeni hazihesabu watoto.

Kule kliniki waliomba baba apimwe. Ilimchukua karibu mwaka mzima kukubali. Ile hofu ya zamani ya mumiani, wanyonya damu, haijaisha Pwani, ingawa wengi twajifanya twaicheka, lakini nadhani baba hakuogopa sindano, aliogopa jibu. Mwishowe alikwenda. Mama anayo moja, baba anayo moja.

Alirudi akamweleza nyanya polepole, mara mbili. Nyanya alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia katika nyumba ile. Alisema alizaa watoto kumi akazika wanne, na wawili kati ya hao walikuwa na macho ya manjano, na vidole vya mikono vilikuwa vikivimba wangali wachanga. Enzi zile waliambiwa ni jicho la mtu. Kumbe ugonjwa ulikuwapo pale pale kabla mama hajazaliwa, umeitwa jina jingine tu. Siku ya pili yake nyanya alimwita mama, wakafunga mlango. Walichozungumza sikijui wala sikuuliza.

Sasa nirudi kwenye utafiti, Mwalimu asije akasema nimetoka nje ya mada.

Kwa nini jeni hii imejaa Pwani na si Nyeri? Mwaka wa 1949 kijana aliyeitwa Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyelelewa hapa Kenya, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya. Alipima damu za jamii mbalimbali akakuta kwamba karibu na pwani na kando ya Ziwa Viktoria zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na jeni moja ya mundu, na nyanda za juu hata mmoja katika 100 ilikuwa taabu kumpata. Akaitazama ramani akaona kitu kingine kinachopendelea pwani na ziwa: mbu wa malaria. Mwaka wa 1954 alitangaza hoja yake kwamba aliye na jeni moja amekingwa na malaria.

Hoja hiyo imepimwa sana papa hapa kwetu. Kando ya hospitali ya Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanza mwaka wa 1989 na watafiti wachache. Tangu mwaka wa 2000 kituo hicho kina daftari la kompyuta la wakazi zaidi ya 250,000 wanaoizunguka hospitali. Wafanyakazi wake hupita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Wengine huwaona wambea, ila hebu fikiri: bila kujua watoto wangapi wako kijijini, utajuaje kama wanaolazwa ni wengi au wachache? Mwaka wa 2005 watafiti wa Kilifi walionyesha kwamba jeni moja ya mundu humkinga mtoto na malaria kali kwa karibu asilimia 90. Na mwaka wa 2019 walichapisha hesabu ya watoto wachanga 15,737 waliopimwa, ambapo 128 walikuwa na selimundu. Hiyo ni kama mmoja katika kila 123. Shule yetu ikusanyikapo gwarideni Jumatatu, piga hesabu mwenyewe.

Kinaya ni kwamba mwenye jeni mbili hakingwi. Malaria ikimpata humaliza ile damu kidogo aliyo nayo. Kwa hiyo mtoto huyu huteswa na jeni iliyotuokoa sisi wengine. Mie mwenyewe nimepimwa, nami ninayo moja. Sijawahi kulazwa kwa malaria maishani mwangu, na dada yangu husema nimeiba bahati yake. Husema kwa utani. Siku nyingine si utani sana. (Nanyi wasichana wa kidato cha tatu msinicheke, nendeni mkapimwe. Siku yangu ya posa nitauliza cheti cha damu kabla ya kuuliza mahari.)

Dawa anayotumia inaitwa haidroksiyurea. Si mpya hata kidogo. Ilitengenezwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka wa 1869, ikaja kutumika kwa saratani, na mwaka wa 1998 Marekani ikairuhusu kwa watu wazima wenye selimundu. Kwa nini ilichelewa kutufikia? Palikuwa na hofu ya haki kabisa: dawa hii hupunguza chembe za kinga, je, mtoto wa Afrika akiinywa si malaria itammaliza? Ikabidi ipimwe huku huku. Watoto 606 wa Angola, Kongo, Uganda na Kenya waliinywa, na kwa Kenya mahali penyewe palikuwa Kilifi. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2019. Kwa kila watoto 100 kwa mwaka, vipindi vya maumivu vilishuka kutoka 98.3 hadi 44.6. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43.3 hadi 14.2. Vifo, kutoka 3.6 hadi 1.1. Na malaria waliyoiogopa? Haikuzidi, ilipungua nusu!

Inavyofanya kazi ni jambo la ajabu. Mtoto akiwa tumboni huwa na damu ya namna nyingine, ambayo haina mundu hata kama jeni zake zote mbili ni mbovu. Ndiyo maana wachanga hawa huonekana wazima miezi ya mwanzo. Baada ya kuzaliwa mwili huizima damu hiyo na kuwasha ya utu uzima. Haidroksiyurea huirudisha kidogo ile ya kwanza. Basi.

Na hapa ndipo kompyuta zinapoingia. Karibu na mwaka wa 2008 wataalamu walilinganisha jeni za watu wengi mno, kazi isiyowezekana kwa kalamu na karatasi, wakaitambua swichi inayoizima damu ya utotoni. Ikaitwa BCL11A. Kisha kukawa na mkasi wa kukatia jeni, uitwao CRISPR, uliowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel mwaka wa 2020. Ukiunganisha swichi na mkasi, unapata tiba. Hutolewa seli za uboho zinazozaa damu, swichi ikakatwa, mgonjwa akapewa dawa kali za kuufagia uboho wa zamani, kisha akarudishiwa seli zake mwenyewe. Mwaka wa 2019 mama mmoja Mmarekani, Victoria Gray, alitibiwa hivyo akapona yale maumivu. Uingereza iliiruhusu tiba hiyo Novemba 2023, Marekani mwezi uliofuata. Huitwa Casgevy.

Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2. Kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi milioni 280, kwa mtu mmoja.

Mie nilipoisoma niliudhika, nasema kweli. Wagonjwa wengi wa selimundu duniani huzaliwa Afrika. Damu iliyofunza ulimwengu kuhusu mundu na malaria ilitoka kwenye mikono ya watu wetu, na tiba ikaenda kukaa juu ya kabati tusilolifikia. Ni kweli kwamba mwaka wa 2019 serikali ya Marekani na wakfu wa Gates walitangaza kila upande angalau dola milioni 100 kutafuta tiba ya jeni inayoweza kutolewa hata Afrika, pengine kwa sindano tu. Ni vizuri. Lakini kuna wakati hata vidonge vya kawaida vinakosekana katika dirisha la dawa tunakokwenda, mama akaambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo akaambiwa vivyo hivyo. Hakuna mkasi wa jeni unaohitajika hapo. Kunahitajika gari la dawa.

Dada yangu alinisikia nikilalamika akaniuliza bei. Akachukua kalamu. Siku tunazonunua wenyewe dukani, kidonge kimoja tunakipata kwa shilingi 40, naye hunywa kimoja kwa siku. Akazidisha, akagawanya, akafuta, akaanza tena. Jibu lake lilikuwa kwamba pesa za Casgevy moja zingemnunulia vidonge vya miaka 19,178.

"Kumbe nitampita yule bibi wa Ufaransa," akasema. Kisha akaniuliza kama tarehe 14 ninaweza kumpeleka kliniki mimi, kwa sababu mama ana zamu ya kazi.