Gitaa la Baba Lilivyosafiri

Wengi mmetuuliza: lile gitaa la baba lilifikaje Marekani bila kuvunjika? Mwezi huu tumeona tuwajibu wote kwa pamoja.

Gitaa lile lilivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, usiku, limefungwa kitenge cha mama. Sanduku halikuwepo. Lilipona kwa sababu baba alilipakata njia nzima kama mtoto.

Hapo ndipo tulipojidanganya. Miaka mingi baadaye tulilituma Kigoma kwa fundi, abadilishe funguo za kukazia nyuzi. Tukalitia kwenye mfuko wa kitambaa, tukalipakia kwenye lori. Kumbe juu yake wakapanga magunia ya mahindi! Lilifika shingo imekatika, pale inapoungana na kichwa. Baba hakugomba. Alisema tu, "Mfuko ni wa kubeba mwenyewe. Ukimkabidhi mtu mwingine, tafuta sanduku." Fundi aliliunga kwa gundi ya mbao, likalia tena, ila kovu lilibaki.

Mwaka 2018 majirani zetu walipata safari ya Marekani, na kaka yetu aliyetangulia kule akaliomba gitaa. Nyumbani tuligawanyika. Wengine tulisema libaki, maana ndicho kitu pekee baba alichotoka nacho kwetu. Baba mwenyewe ndiye aliyekata maneno: vidole vyake vimekakamaa, na gitaa lisilopigwa linakufa. Basi, likaandaliwa.

Kwanza, sanduku. La dukani hatukuliweza, seremala wa jirani akatutengenezea la plaiwudi, lenye bawaba na komeo mbili. Tulimpa gitaa lenyewe alipime. Sanduku likiwa kubwa mno gitaa linachezacheza ndani, na huko kucheza ndiko kunakovunja.

Pili, tulilegeza nyuzi. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Sanduku likianguka, shingo iliyovutwa namna hiyo hukatika upesi. Lakini hatukuzitoa zote, tulizilegeza tu.

Tatu, tulikata godoro kuukuu la sponji, tukatandika chini na pembeni. Chini ya shingo na nyuma ya kichwa tukajaza vitambaa, pasibaki nafasi tupu. Kisha tukafunga, tukalitikisa. Likigonga, tunafungua na kuongeza. Kitu kigumu hatukuweka ndani, hata funguo za akiba zilikwenda kwenye begi la nguo.

Nne, jina la kaka na namba yake ya simu tuliandika nje na ndani pia, maana karatasi ya nje huchanika. Majirani tuliwaomba jambo moja: wasiliache ndani ya gari juani, joto hulegeza gundi. Nasi tulikuwa na gundi ya kovu lile la kuogopa!

Kaka naye tulimwonya: likifika kwenye baridi, asilifungue mara moja. Aliache sanduku limefungwa hadi kesho yake, mbao izoee hewa polepole, isije ikapasuka.

Siku ya tatu simu ikalia. Kaka hakusema neno, aliweka simu karibu na gitaa akapiga. Sisi tulikaa kimya kumzunguka baba. Tulidhani atalia. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwambieni uzi wa pili haujakaza vizuri."

Tukacheka wote, na baba akacheka.

Vipimo vya sanduku seremala bado anavyo. Mwenye gitaa la kusafirisha apite kwetu, tutamwelekeza. Sponji msitupe, jamani.

Ni sisi watoto wa mzee, tunawatakia mwezi mwema.