Staa anaogopa juu, meneja anataka video: wikiendi yetu ya kupaa Iten

Wadau, kabla hamjaanza kutaja majina kule kwenye komenti: jina kapuni, na litabaki kapuni. Mwenyewe kaniruhusu niandike kwa sharti hilo moja. Nitakachowaambia ni kwamba ni msanii wa Bongo, mnamjua, nyimbo zake mmezicheza kwenye harusi za dada zenu, na Jumamosi hii alikuwa arushwe angani na wenzangu kule Iten, Kenya. Nasema "alikuwa" kwa sababu mpaka leo Jumatano usiku ninapoandika, mambo bado hayajakaa sawa.

Kwa wale wageni kwangu: mimi ni binti wa Runazi, pande za Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera. Kazi imenileta Nairobi, na wikiendi zangu zinaishia kwenye kuruka. Kuna aina mbili za huu mchezo, watu wanazichanganya kila siku. Paraglaida ni lile bawa laini la kitambaa linalofanana na parashuti, unakaa kwenye kiti, ukimaliza unalikunja unalitia kwenye begi la mgongoni na kupanda nalo bodaboda. Hanglaida ni bawa la pembetatu lenye mabomba ya aluminiamu, unaning'inia chini yake kifudifudi kama mwewe, mikono kwenye bomba la mbele. Mimi ndiyo langu hilo la pili. Mama nilipomweleza kwa mara ya kwanza alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Kwani magari yameisha?"

Sasa tatizo la bawa langu ni usafiri. Lina kama kilo 30, na likikunjwa linakuwa bomba refu la mita 5 na ushee. Haliingii kwenye basi, haliingii kwenye teksi, linataka gari lenye keria ya maana na kitambaa chekundu nyuma. Toka Nairobi kwenda Eldoret ni zaidi ya kilomita 300, na kila kizuizi cha polisi swali ni lile lile. Kuna mmoja tulimweleza kwa kirefu, akasikiliza, halafu akasema, "Sawa, lakini hayo mabomba ya maji mnapeleka kwa nani?"

Kwa hiyo kupanga wikiendi ya kuruka ni kazi kuliko kupanga harusi. Tupo sita safari hii, wanne wa vitambaa, wawili wa mabomba. Kundi letu la WhatsApp limekuwa linawaka toka Jumapili. Nani ana gari. Nani analala na nani. Nani aliazima redio ya mkononi mwezi wa kumi na mbili hajarudisha (anajijua). Parashuti la akiba la fulani limekunjwa upya lini mara ya mwisho. Namba za hospitali ya Iten na ile ya rufaa ya Moi pale Eldoret ziko kwenye simu ya kila mtu au la. Na soga zingine zote katikati, maana binadamu hawawezi kupanga kitu bila kutumiana vichekesho.

Mtu muhimu kuliko wote haruki kabisa. Ni dereva wa kutufuata bondeni, mwenyeji wa Tambach, anajua kila njia ya vumbi kule chini. Wewe ukishatoka juu hujui utashukia wapi. Unaweza ukatua kwenye shamba zuri kando ya barabara, unaweza ukatua katikati ya mbuzi na migunga, mtandao hakuna, jua linapiga, na una bawa la kilo 30. Bila yule kaka utalala huko. Ndiyo maana sisi chakula chake na mafuta yake tunachanga kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa nini Iten? Wengi mnaijua kwa wakimbiaji. David Rudisha alifundishwa pale na Brother Colm O'Connell, yule mwalimu toka Ireland aliyefika shule ya St. Patrick's mwaka 1976 na hajaondoka. Mji uko mita kama 2,400 juu ya usawa wa bahari. Sasa tembea hadi ukingoni upande wa mashariki, ardhi inaisha. Inakatika tu. Bonde la Kerio liko chini yako, kushuka zaidi ya mita 1,000, na ng'ambo unaona milima ya Tugen upande wa Kabarnet. Miezi hii ya kiangazi upepo ukija toka mashariki unapiga ule ukuta, hauna pa kwenda, unapanda. Sisi tunapanda nao.

Kila mwaka huwa napigia debe kwetu, Ngara. Vilima si viko! Kila mwaka wananipa jibu moja: ukibebwa kidogo tu kuelekea magharibi unashuka Burundi au Rwanda, huna pasipoti, umevaa kofia ngumu na redio mkononi, nenda kawaeleze wanajeshi kwamba wewe ni mchezaji. Nacheka, lakini nikipita njia ya Rusumo macho huwa hayatulii. Ipo siku.

Haya, turudi kwenye ubuyu.

Mwenzetu mmoja, rubani wa vitambaa mwenye bawa la watu wawili, alitafutwa na meneja wa huyo staa. Wanatoa video ya wimbo mpya. Wanataka staa aonekane anapaa juu ya bonde, miwani ya jua, mikono imefunguka, maisha. Malipo mazuri, na ya awali yakatumwa siku hiyo hiyo. Mwenzetu ana watoto wawili shule na karo, kama wanavyoita ada huku, haimsubiri mtu. Akatuletea habari kundini kwa furaha na sisi tukafurahi naye. Kuna emoji za moto kama hamsini pale.

Balaa likaanza na ratiba. Meneja anataka kushuti saa sita mchana, eti mwanga ni mkali na bonde linaonekana vizuri. Wadau, saa sita mchana mwezi wa pili Kerio si saa ya kumrusha mgeni. Jua likishachoma mawe ya bondeni, hewa moto inapanda kwa vurugu, bawa linarushwa juu linaangushwa kama daladala kwenye barabara mbovu. Rubani mzoefu anaitafuta hiyo hewa kwa sababu ndiyo inayomfikisha mbali. Mgeni anarushwa asubuhi hewa ikiwa bado imelala, au jioni saa kumi na kuendelea. Meneja akaandika, "Sisi tunalipa." Mzee wetu, ambaye ndiye mkubwa kiumri kwenye kundi na haandiki mara nyingi, akamjibu: "Ndugu, upepo haupokei M-Pesa."

Halafu ikaja ya droni. Kenya huwezi kurusha droni ukajirushia tu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga inataka uwe na kibali. Na hata ukiwa nacho, sitaki kidude chenye panga nne zinazozunguka karibu na bawa langu. Hapo hatukubishana sana.

Palipozuka ugomvi wa kweli ni Jumatatu. Sisi tuna kanuni moja: rubani yeyote aliyepo mlimani akisema hapana kuhusu kumrusha mgeni, basi ni hapana, haulizwi sana. Meneja alitaka tumhakikishie kwa maandishi kwamba Jumamosi staa atapaa. Mwenzetu alikuwa tayari kusaini. Mzee akamkumbusha ya Kilimanjaro, mwaka 2013, kundi kubwa la marubani toka nchi mbalimbali lilipanda na mabawa hadi juu likitaka kupaa toka mita 5,895. Wamejiandaa miezi, wamechangisha pesa za hisani, wamepanda kwa miguu siku kadhaa. Hali ya hewa ikakataa, na walio wengi wakashuka kwa miguu kama walivyopanda. Nani alisaini na mawingu? Mwenzetu akajibu kwa voice note, sauti ya mtu aliyechoka: "Mzee, hao walikuwa wamekula pesa zao. Mimi nimekula ya watu." Nilimwelewa. Ukiwa na deni la karo, mawingu unaanza kuyaona madogo.

Jumanne saa tano usiku simu yangu ikaita namba ya Tanzania. Ni staa mwenyewe. Kapata namba kwa mwenzetu, kasikia kuna Mbongo kwenye msafara.

Aliniamkia vizuri, "Dada yangu, pole na kazi," tukaongea habari za nyumbani, nikasikia anazunguka zunguka. Halafu akatoa. Anaogopa juu. Si kuogopa kwa kawaida, yaani hotelini haendi kwenye roshani. Hajawahi kumwambia mtu kwenye timu yake kwa sababu sura yake yote ni ya mtu asiyeogopa kitu. Meneja kashalipa, kashatangaza, mashabiki wanasubiri. Akasema, "Dada, kitu kidogo tu nakuomba. Jumamosi asubuhi sema upepo haufai. Neno lako moja, mimi nimepona, na hakuna atakayejua."

Nilikaa na simu sikioni. Kusema kweli ni ombi dogo, na lingemaliza kila kitu. Mwenzetu anabaki na pesa ya awali, meneja analaumu mbingu, staa anarudi Dar na heshima yake. Kanuni yetu inaniruhusu kusema hapana bila hata kueleza.

Nikamwambia siwezi. Nikamweleza hivi: sisi sita tunaposimama pale ukingoni, tunachoaminiana ni hicho tu. Mmoja akisema upepo umegeuka, unatoka mgongoni, wengine tunavua mikanda hapo hapo bila kubishana, kwa sababu upepo wa mgongoni pale ukingoni unakupiga chini kabla hujaelewa. Otto Lilienthal, yule Mjerumani wa mwanzo mwanzo wa mchezo huu, aliruka karibu mara 2,000 na bado mwaka 1896 hewa ikamwangusha akafa. Sasa mimi nikidanganya mara moja kwa sababu nzuri, Jumamosi ijayo nikisema upepo mbaya, kuna mtu atajiuliza: leo anamficha nani? Sekunde mbili za kujiuliza pale juu ni nyingi.

Akanyamaza. Nikadhani kakata. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nifanyeje?" Nikamwambia aseme mwenyewe. Kusema "sirushwi, naogopa" hakuhitaji upepo wowote. Na nikamwambia ukweli mwingine, kwamba mgeni akifika ukingoni akasema hapana, hakuna rubani wa kwetu atakayemcheka. Wanaocheka ni wale ambao hawajawahi kusimama pale.

Leo asubuhi akamwambia meneja wake. Sijui walirushiana nini huko, ila saa nane mchana staa akaandika mwenyewe kundini kwetu, kwa ufupi: harushwi, pesa ya awali mwenzetu abaki nayo, na bado anakuja, atakaa bondeni na dereva wetu, washuti akiwa anapokea watu wanaotua. Mzee akamwekea dole gumba, kitu ambacho mimi kukipata ilinichukua mwaka.

Mkadhani yameisha? Saa kumi na mbili jioni meneja karudi na wazo. Anauliza kama kati yetu kuna mtu mwenye mwili unaofanana na wa staa. Avae jaketi lake, miwani yake, kofia ngumu si inaficha uso? Apae saa kumi jioni, sisi tuseme hewa ikoje, malipo yale yale. Na yupo, wadau. Mwenzetu mwenye karo, mabega yale yale, urefu ule ule, atapaa peke yake wala hahitaji kumbeba mtu.

Kundi limegawanyika. Wengine wanasema ni kuwadanganya mashabiki. Mimi nimesema huo ni uongo wa mjini, video zote zimejaa, magari ya kukodi na majumba ya kuazima. Wa hewani ndio siutaki. Mzee hajajibu. Na staa kanitumia ujumbe pembeni: hataki, anasema akishakiri mara moja amechoka kuigiza. Meneja hajui bado. Kura tumesema kesho saa tatu usiku.

Tunaondoka Ijumaa saa kumi alfajiri toka Westlands. Utabiri mpaka sasa unaonyesha upepo wa mashariki, mwepesi asubuhi. Gari lenye keria ndefu tuliloahidiwa limepata hitilafu, kwa hiyo kama kuna mdau Nairobi ana lake na hana mipango wikiendi hii, aniandikie. Mafuta tunachanga, na bondeni utakaa na staa.