Tulifuata mbegu ya kuku Masisi

Tuliacha joto la msitu wa Walikale, tukapanda hadi Masisi kwenye baridi, malisho na ng'ombe, kutafuta kuku wa rangi ya majivu. Wetu wote walipotea siku tulipokimbia vita. Ila zamani tulimpa mama mmoja wa huko kuku jike afuge, na kizazi chake kipo.

Alituonya: majivu kwa majivu, vifaranga vingine hutoka vyeusi, vingine vyeupe vyenye madoa. Tusiviuze, mweusi akipandana na huyo mweupe, majivu hurudi.

Tumerudi na mayai tisa kikapuni. Tunahesabu siku 21. Yakianguliwa, tutagawia majirani: mbegu iliyo kwa wengi haipotei siku moja.