Betri Inayokumbuka

Kigali nilipanda pikipiki ya umeme. Njiani dereva alisimama kubadilisha betri. Nikamuuliza kama wenyewe hawaogopi wizi. Akacheka: "Popote iendapo, wanaiona." Nikanyamaza. Kumbe na mimi, niliyeketi juu yake, nilionekana.

Lubumbashi, anayenibeba kwa petroli kutoka komini ya Kenya hadi Kasapa anaijua njia yangu, lakini jioni ameisahau. Betri haisahau.

Kobalti ya betri nyingi duniani huchimbwa kwetu, Kolwezi. Tumezoea kuuliza inauzwa bei gani. Tangu 2023 nchi yetu ina Sheria ya Dijitali inayolinda taarifa binafsi. Basi pikipiki hizo zikienea kwetu, tuulize na hili: safari zangu anaziandika nani, na atazifuta lini?